Mtego usioangaliwa usitegwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nichangie mjadala wa utegaji wa wanyamapori, ambao kwa muda mrefu umeendeshwa na pande mbili zisizosikilizana. Upande mmoja unasema kila mtego ni ukatili na kwamba yafaa mitego yote ipigwe marufuku pasipo kubakiza hata mmoja. Upande wa pili unajibu kwamba binadamu ametega tangu zama za kale, kwamba mazao na mifugo havijilindi vyenyewe, na kwamba anayemlilia mnyama huenda hajawahi kulala na njaa. Nimezisoma hoja za pande zote kwa makini, na naona zinagombania mambo mawili tu: haki ya binadamu ya kutega, na namna mnyama anavyouawa. Katikati ya kutega na kuua kuna muda, wakati mwingine saa chache, wakati mwingine siku nne au tano, na ni nadra kumsikia mtu akiuzungumzia. Muda huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni daktari wa mifugo, sasa nimestaafu. Katika kazi yangu niliitwa mara nyingi kumnasua mnyama, na kila nilipopiga magoti kando yake nilianza kwa kutafuta kujua amekaa pale tangu lini, kwa sababu matibabu yote hutegemea jibu hilo. Mara nyingi jibu huwa limeandikwa ardhini. Namkumbuka mbwa mmoja jike aliyenaswa mguu wa mbele na kitanzi cha waya kilichotegewa wanyama wa porini. Walioniita walifurahi kwamba ametulia. Mimi utulivu ule ulinitia hofu. Nyasi zilizomzunguka zilikuwa zimekwanguliwa hadi udongo ukabaki mtupu, duara kamili kama lililochorwa kwa bikari, na kutoka katikati hadi ukingoni palikuwa na urefu wa ule waya, hapakuzidi wala hapakupungua. Kijiti cha mti kilichofungiwa waya kilikuwa kimetafunwa gome upande mmoja hadi weupe wa ndani ukaonekana. Waya wenyewe sikuuona mara moja, kwa kuwa nyama ilikuwa imevimba ikaufunika, ikanibidi nipapase kwa ncha ya kidole hadi nilipohisi ugumu ndani ya jeraha. Nilipoukata, mguu kuanzia hapo kwenda chini ulikuwa wa baridi. Chuchu zake zilikuwa zimejaa maziwa, na wala hakuna aliyejua ameacha watoto wapi.

Mbwa yule hakuwa ametegewa na mtu. Aliyetega alikusudia swala, au sungura, au labda nguruwe pori, kisha akaenda zake. Hapo ndipo mtego unapotofautiana na silaha nyingine zote za uwindaji. Mwenye upinde yupo mshale unapotoka. Mwenye bunduki humwona anayempiga, na akimkosa au akimjeruhi anajua, hata akiamua kutomfuata. Mtego umebuniwa ufanye kazi wakati mwenyewe amelala, amesafiri, anaumwa, au amesahau. Faida yake yote imo katika kutokuwepo kwa mtu, na mateso yake karibu yote yanatokana na jambo hilo hilo. Ndiyo maana nasema kwamba kuulizana kama kutega ni halali au haramu, kabla ya kuulizana ni nani atakayerudi na atarudi lini, ni kuanza safari kwa kurukia nusu ya njia.

Hoja hii si yangu peke yangu wala si ya leo. Mwaka 1863 Charles Darwin, mwanasayansi anayejulikana kwa nadharia ya mageuko ya viumbe, pamoja na mkewe Emma, walisambaza nchini Uingereza ombi la kupinga mitego ya meno ya chuma iliyotumiwa na watunzaji wa mashamba ya kuwindia. Walichokitilia mkazo kuliko yote ni usiku: kwamba mnyama hunaswa giza likiingia na mtunzaji huja kulipokucha, na kwamba muda wote huo mguu uliopondwa hukaa kati ya vyuma huku mnyama akizidi kujiumiza kwa kujivuta. Walimwomba msomaji ajaribu kuwaza mguu wake mwenyewe katika hali hiyo kwa usiku mzima. Mtego huo ulikuja kupigwa marufuku Uingereza na Wales mwaka 1958, yaani miaka 95 baadaye. Naitaja tarehe hiyo kwa uchungu, kwa sababu hakuna ushahidi wowote mpya uliokuwa ukingojwa katika miaka yote hiyo. Kila aliyewahi kuufungua mtego ule asubuhi aliyaona yale yale waliyoyaeleza.

Waswahili walisema zamani kwamba mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Sisi huitumia methali hiyo tukizungumzia watu, kesi na fitina, lakini nawaomba wasomaji waichukue safari hii kwa maana yake ya wazi kabisa, kwani hakuna maelezo mafupi zaidi ya tatizo la kitanzi cha waya. Katika msitu wa Budongo nchini Uganda watafiti wamekuwa wakiwafuatilia sokwe mtu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya sokwe hao wana vidole vilivyopinda, viganja vilivyokatika au miguu iliyolemaa kutokana na vitanzi vilivyotegewa paa na nguruwe pori. Hakuna anayewatega sokwe wale. Wanapita tu, wanatia mkono, waya unakaza, na kwa kuwa wana nguvu nyingi huung'oa waya pale ulipofungwa wakaondoka nao mkononi, ukiendelea kukata kwa wiki na miezi.

Nchini Rwanda, mwaka 2012, wafuatiliaji wa sokwe wa milimani, yaani gorila, katika Hifadhi ya Taifa ya Volkano walishuhudia jambo ambalo mimi siwezi kulisoma bila kusimama. Mtego wa huko hutengenezwa kwa tawi au mwanzi uliokunjwa hadi chini na kufungwa kamba yenye kitanzi. Mnyama akikigusa, tawi hufyatuka juu na kitanzi kinakaza. Mfuatiliaji mmoja aliuona mtego wa namna hiyo, akasogea autegue, lakini dume kubwa la kundi likamkaripia kwa mguno akae mbali. Ndipo sokwe wawili wadogo, Rwema na Dukore, wa umri wa miaka minne hivi, walipoukimbilia. Mmoja aliruka juu ya tawi lililokunjwa akalivunja, na mwenzake akakifungua kitanzi. Baadaye waliuona mwingine wakauvunja pia. Siku chache kabla ya hapo mtoto wa kundi lao alikuwa amekufa kwa jeraha la kamba. Sitaki kudai kwamba najua walichokuwa wakikiwaza. Nasema tu kwamba walikiona kitu kile, wakakitambua, na wakakishughulikia kwa wakati, jambo ambalo aliyekitega hakulifanya.

Kuhusu vitanzi vya waya, basi, msimamo wangu hauna masharti: vipigwe marufuku. Zipo hoja za kuvirekebisha, kwa mfano kuweka kizuizi ili kitanzi kisikaze kupita kiasi, au kukiinua juu kidogo ili wanyama wadogo wapite chini yake, na katika nchi nyingine marekebisho hayo yalijaribiwa kisheria kwa miaka mingi. Uskoti iliwalazimisha wategaji kuweka kibandiko chenye namba ya utambulisho kwenye kila kitanzi kuanzia mwaka 2013, pamoja na mafunzo na kumbukumbu za maandishi. Hata hivyo mwaka 2024 iliamua kuvipiga marufuku kabisa, ikiifuata Wales iliyofanya hivyo mwaka 2023. Ukweli ni kwamba waya hauwezi kufundishwa kuchagua. Katika maeneo ya hifadhi ya Kambodia, Laos na Vietnam shirika la uhifadhi la WWF lilikadiria mwaka 2020 kuwa kuna vitanzi zaidi ya milioni 12, vingi vikiwa vya nyaya za baiskeli na pikipiki. Katika misitu ya Laos na Vietnam ndimo anamoishi saola, mnyama wa jamii ya ng'ombe mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1992 tu na ambaye picha yake ya mwisho kupigwa porini ni ya mwaka 2013. Hakuna anayemtafuta saola kwa ajili ya kitoweo. Anamalizwa na vitanzi vilivyotegewa wengine.

Najua jibu ambalo nitapewa: mwenye njaa hana miiko. Sikatai, na sitaki kuandika kama mtu anayedharau njaa ya mwenzake. Lakini mwenye njaa anayetega kitanzi kimoja nyuma ya shamba lake huenda kukiangalia alfajiri, kwa sababu anakihitaji kilichomo. Sehemu kubwa ya vitanzi ninavyovisema havitegwi na mtu wa namna hiyo. Vinategwa kwa makumi na mamia, kwenye mstari mrefu wa matawi yaliyolazwa kuziba njia za wanyama, na mtu anayeuza nyama mbali na hapo, ambaye waya kwake ni rahisi kiasi kwamba hauna thamani ya kurudiwa. Ndiyo maana nyama nyingi huozea kwenye waya au kuliwa na fisi na ndege kabla mwenyewe hajatokea. Mnyama ameteseka siku tatu, hakuna aliyekula, na kesho mtu yule anatega upya kufidia. Anayeitetea mitego kwa jina la njaa angekuwa wa kwanza kuudai utaratibu wa kuirudia.

Tuje kwenye mitego inayokubalika kwingine kuwa ya kibinadamu, maana hapo ndipo mjadala unapochanganya watu wengi. Mwaka 1991 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni ya kuzuia mtego wa kubana mguu ndani ya nchi zake, na kuzuia pia uingizaji wa ngozi za aina 13 za wanyama kutoka nchi zinazoutumia. Biashara ya ngozi ikatikisika, mazungumzo marefu yakafuata, na mwishoni mwa miaka ya 1990 yakapatikana makubaliano ya viwango kati ya Umoja huo, Kanada na Urusi. Kwa mtego wa kuua, makubaliano yanataka wajaribiwe wanyama wasiopungua 12, na asilimia 80 kati yao wapoteze fahamu ndani ya muda uliowekwa. Kwa kicheche mdogo wa kaskazini muda huo ni sekunde 45. Kwa wanyama wengi waliobaki kwenye orodha ni sekunde 300.

Sekunde 300 ni dakika tano. Namwomba msomaji aiweke saa yake mezani na akae kimya dakika tano nzima pasipo kufanya kitu, kisha aamue mwenyewe kama muda huo unastahili kuitwa wa huruma kwa kiumbe aliyebanwa shingo au kifua. Tena mahesabu yake yanaruhusu wanyama wawili kati ya wale 12 wakae zaidi ya hapo na mtego bado uhesabiwe kuwa umefaulu. Naona kiwango hicho ni cha chini mno. Pamoja na hayo nayaheshimu makubaliano yale kwa jambo moja, kwamba yalithubutu kuuhesabu muda. Yaliondoa neno ukatili kwenye hotuba yakaliweka kwenye saa, na tangu hapo mtu anaweza kusema mtego huu ni mbaya kuliko ule bila kutegemea ukubwa wa sauti yake.

Kwa mtego wa kushika bila kuua, makubaliano hayo hayo yanaorodhesha majeraha yasiyokubalika: mfupa uliovunjika, kiungo kilichoteguka, kano iliyokatika, jino lililovunjika hadi kiini kikaonekana, jicho lililoumia, damu kukatika kwenye mguu. Daktari yeyote wa wanyama ataitambua orodha hiyo, kwa sababu ndiyo tunayoikuta tukifika tumechelewa. Meno huvunjika mnyama akiuma chuma. Mguu huoza damu isipopita. Mengi ya majeraha hayo hayapo katika dakika ya kwanza. Hujengeka saa baada ya saa kadiri mnyama anavyovuta, anavyojizungusha na anavyouma, kiasi kwamba mtego ule ule unaoachia mchubuko tu ukifunguliwa mapema huacha kilema ukifunguliwa kesho yake.

Wengi hudhani kwamba kizimba kimeponya tatizo hili lote. Mnyama anaingia kufuata chambo, mlango unaanguka nyuma yake, hakuna damu, mtu anakuja, anamwachia porini, na dhamiri inatulia. Ningependa iwe hivyo. Kirukanjia, mnyama mdogo kuliko panya, mwili wake huchoma chakula kwa kasi kiasi kwamba akikaa saa chache bila kula anakufa, na wapo watafiti waliojifunza hilo kwa kukuta mitego yao midogo ya bati imejaa vifo asubuhi. Kizimba kilichoachwa juani hugeuka tanuri, na kilichoachwa kwenye mvua hugeuka jokofu. Mama anayenyonyesha akifungiwa usiku na mchana, watoto wake hufa shimoni bila mtu yeyote kuwaona wala kuwahesabu.

Kuna jingine ambalo watu wasio wa taaluma yetu hawalijui, nami nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu limewahadaa hata watu wema. Mnyama wa porini anapohangaika kwa hofu na nguvu zake zote, misuli yake hufanya kazi kupita hewa inayoipata, asidi hujaa mwilini, na nyuzi za misuli zenyewe huanza kufa. Chembechembe za misuli hiyo iliyokufa huingia kwenye damu, hufika kwenye figo, na figo huziba. Mkojo huwa wa rangi ya kahawa nyeusi. Moyo nao ni msuli, na huharibika vivyo hivyo. Swala, pundamilia, twiga na ndege wenye miguu mirefu hupatwa sana na hali hii. Mnyama huyo ukimfungulia anaweza kukimbia akapotea machoni pako, ukarudi nyumbani umefurahi, naye akaanguka na kufa baada ya saa kadhaa au siku kadhaa mahali ambapo hutamwona kamwe. Tiba yake ni ngumu na mara nyingi haifanikiwi. Kinachosaidia ni kupunguza muda wa kuhangaika, kuyafunika macho ya mnyama, kuondoa kelele na umati wa watazamaji, na kufika mapema.

Kwa hiyo sioni kizimba kuwa kitakatifu kwa sababu tu hakina meno. Nakiona kuwa bora kwa sababu kinampa binadamu nafasi ya kusahihisha kosa: akiingia asiyehusika, anaweza kutoka mzima, mradi mtu aje. Asipokuja mtu, kizimba ni njia ndefu ya kuua kwa kiu.

Ulimbo sitauzungumzia sana, kwani sidhani una mtetezi wa kweli. Ni gundi. Ndege hutua kwenye kijiti kilichopakwa, hupigapiga mabawa, na kila bawa linalogusa linashika. Kasuku wa kijivu wa Afrika wamekamatwa hivyo kwa wingi kwa ajili ya biashara ya ndege wa kufugwa, wengine wakifa kabla ya kufika sokoni, hadi mataifa yalipokubaliana mwaka 2016 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliotoka porini. Nchini Ufaransa ulimbo uliendelea kuruhusiwa kwa ajili ya kunasa ndege wa chambo hadi mahakama zilipoukataa mwaka 2021. Vibao vya gundi ya panya vinafanya kazi hiyo hiyo ndani ya nyumba, na kwa kuwa aliyenaswa ni panya hakuna anayeuliza amechukua muda gani kufa, akijichubua ngozi na kuzibwa pua. Uingereza imevizuia kwa watu wasio na leseni kuanzia mwaka 2024. Panya ni adui wa ghala na anaeneza magonjwa, nami nimewaua wengi. Mtego wa kufyatuka uliotengenezwa vizuri humuua kwa pigo moja, na hakuna sababu ya afya wala ya uchumi inayotulazimisha kuuchagua ule unaochukua usiku kucha.

Sasa, wanaosema mitego yote ifutwe nawaomba waitazame New Zealand. Visiwa vile havikuwa na mamalia walao nyama wanaotembea ardhini, hivyo ndege wake wengi, akiwemo kiwi, hawana kinga yoyote dhidi yao. Katika miaka ya 1880 walowezi waliingiza vicheche ili wapunguze sungura, ambao nao waliingizwa na walowezi, na vicheche wakawageukia ndege. Mwaka 2016 serikali ilitangaza lengo la kuwaondoa panya, vicheche na poso (mnyama wa mitini mwenye mfuko wa kubebea watoto) ifikapo mwaka 2050, na mitego isiyohesabika imetandazwa misituni. Sina ujasiri wa kuwaambia watu wale waiache mitego yao na wawatazame kiwi wakiisha. Lakini sheria yao ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1999 inamtaka kila aliyetega mtego wa kushika mnyama akiwa hai auangalie kila siku, ndani ya saa 12 tangu jua kuchomoza. Nchi inayotega kwa wingi namna ile imeweza kuyaandika hayo kwenye sheria. Kwingineko hali ni ya kusikitisha. Jimbo la Idaho nchini Marekani linamruhusu mtegaji kukaa hadi saa 72, na Alaska haina muda wa jumla uliowekwa kisheria. Saa 72 ni siku tatu. Mimi sijawahi kumkuta mnyama wa siku tatu ambaye ningeweza kumrudishia mguu wake.

Ninachokiomba kwa wenye mamlaka ya kutunga sheria, popote mjadala huu unapofika mezani, ni kwamba waanze na saa. Mtego wa kushika uangaliwe kila kunapopambazuka, kwa kuwa wanyama wengi hunaswa usiku, na ukiachwa wazi mchana uangaliwe tena kabla ya jua kuzama. Asiyeweza kurudi kwa sababu ya safari, ugonjwa au mvua autegue kabla hajaondoka, au amkabidhi mwingine kwa jina. Kila mtego uwe na alama ya mwenyewe, ili mnyama akikutwa ameozea humo kuwe na mtu wa kuulizwa. Vitanzi vya waya, mitego ya meno ya chuma na ulimbo sivihesabu katika utaratibu huu, kwani hivyo havistahili kuratibiwa. Anayelinda mifugo asaidiwe kwanza kwa yasiyohitaji mtego. Wafugaji wa Namibia waliokuwa wakiwatega duma kwa vizimba wamepewa mbwa wakubwa wa kulinda mbuzi tangu mwaka 1994, na waliowapokea wamepunguza hasara zao kwa kiasi kikubwa.

Nitaambiwa kwamba masharti haya yatawafanya watu wapunguze idadi ya mitego wanayotega. Ndivyo ninavyokusudia. Mtu mwenye mitego 200 asiyeweza kuizungukia yote asubuhi moja ana mitego mingi kuliko uwezo wake, kama vile mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko maji aliyonayo. Nitaambiwa pia kwamba siku hizi kuna vifaa vinavyofungwa kwenye mlango wa kizimba na kutuma ujumbe kwenye simu mlango unapoanguka. Navikaribisha vifaa hivyo kwa mikono miwili, kwa sharti kwamba anayepokea ujumbe anyanyuke, na kwamba betri ikiisha au mtandao ukikatika isiwe ruhusa ya kubaki kitandani. Wanaonasa ndege kwa nyavu ili wawavishe pete za utafiti huzizungukia nyavu zao kila baada ya muda mfupi, na mvua ikianza huzifunga. Hawajawahi kusema kwamba kazi yao imeshindikana kwa sababu hiyo.

Yule mbwa niliyemtaja mwanzoni alikatwa mguu akaishi. Kesho yake asubuhi nilirudi pale na watu wawili kuwatafuta watoto wake, na hatukuwapata. Kwenye njia ile ile ya wanyama, hatua zisizofika arobaini kutoka kwenye lile duara la udongo mtupu, tulikuta vitanzi vingine vitatu bado vimetegwa. Viwili vilikuwa vimeshika kutu. Cha tatu kilikuwa kimetandwa na utando wa buibui kutoka ukingo hadi ukingo, na umande ulikuwa haujakauka juu yake. Tulivitegua vyote, tukaviacha kwa makusudi mahali pa wazi ambapo mwenyewe angeviona, na kwa miezi yote niliyokuwa nikipita pale havikuchukuliwa.

Ni mimi msomaji wako,
Daktari wa mifugo mstaafu